Tupeane uzoefu: kuendesha programu zenye madirisha kwenye seva ya Linux iliyo mbali

Mwanga Kigoma
Wakuu, habari za jioni. Niko Kigoma mjini, nachora ramani za mwambao wa Ziwa Tanganyika. Data zote ziko kwenye seva ya Debian (aina ya Linux) huko Dar, laptopu yangu ya Windows yenye RAM ya GB 4 haiziwezi. Kwa hiyo QGIS, programu ya kuchora ramani, inakimbia Dar, mimi naiona hapa.

Siku mbili nzima neno "seva" lilinipoteza. Kwenye X (au X11), mfumo wa kuonyesha madirisha kwenye Linux ulioanzia MIT mwaka 1984, seva ni ile inayoshika skrini, kibodi na kipanya, yaani laptopu yangu. QGIS kule Dar ndiyo mteja. Nilikuwa nahangaika kufunga seva ya X kule, kumbe inatakiwa huku! Nikaweka VcXsrv, seva ya X ya Windows, nikaruhusu X11 kwenye PuTTY, programu ninayoingilia seva kwa ssh (njia salama ya kuunganishwa na kompyuta ya mbali), bado naambiwa "cannot open display", yaani skrini haifunguki. Kule Dar ilikosekana xauth tu, programu ndogo inayoshika funguo za ruhusa za X. Kuifunga ni dakika moja.

Dirisha likafunguka, nilifurahi sana. Saa nne usiku umeme ukakatika. Laptopu ina betri, lakini ruta ilizima, na QGIS ikafa pale pale na kazi ya saa tatu ambayo sikuwa nimeihifadhi. Iliniuma mno. Wenzangu mnafanyaje?

Isevya Tabora
Pole sana mkuu. Mimi yalinikuta nikichambua data za mizinga ya nyuki, nikahamia VNC, mfumo wa kuona desktopu ya mbali. Desktopu nzima inaishi kwenye seva, wewe unaletewa picha yake. Mtandao ukikatika, kazi inaendelea bila wewe. Kwa desktopu mimi hupendelea XFCE, ni nyepesi, na picha ya nyuma naiondoa ili bando lidumu.

Nakusihi jambo moja: usiache poti 5901, mlango wa mtandao ambao VNC inautumia, wazi kwa dunia nzima. Nenosiri la VNC la kawaida linasoma herufi 8 za mwanzo tu. Ipitishe ndani ya ssh:

ssh -L 5901:localhost:5901 jina@seva

Halafu VNC yako iunganishe na localhost:5901, yaani laptopu yako yenyewe.

Fundi wa Ujiji
Naongezea kwa Isevya. Watu wengi wakiona dirisha haliji huambiwa waandike xhost +, amri inayoondoa ulinzi wa seva ya X. Msifanye hivyo. Unamfungulia mlango yeyote anayeweza kuifikia skrini yako, na anayeingia anaweza kusoma hata unachoandika kwenye kibodi.

Na kuhusu uzito: X inatuma na kupokea ujumbe mdogo mdogo mwingi, na mara nyingi programu hulazimika kusubiri jibu. Ndiyo maana menyu inasuasua hata bando likiwa na kasi, umbali ndio unaoumiza. Kwenye ssh ongeza -C, inabana data, ila umbali haiuondoi.

Cheyo Tabora
Kama unataka dirisha moja bila desktopu nzima, jaribu xpra. Ifunge pande zote mbili:

xpra start ssh://jina@seva/ --start=qgis

Ukikatika, programu inabaki hai kule. Ukirudi unatumia xpra attach.

Mwanga Kigoma
Wakuu, nimerudi na mrejesho. Nimeweka xpra Ijumaa. Jana umeme ulikatika tena, ukarudi baada ya saa mbili. Nikaandika attach, na ramani ya Kibirizi ikatokea pale pale nilipoiacha, hata mstari niliokuwa katikati ya kuuchora. Asanteni sana. Cheyo, sauti ya xpra naizimaje? Nahisi inakula bando bure.

Cheyo Tabora
Ongeza --speaker=off mwishoni mwa amri.