Brasi au bronzi? Naomba msaada wa kutambua kabla sijachonga bushi

Tupa_Bapa:
Habari wakuu. Nina vipande vitatu vya skrepa, vyote vina rangi ya dhahabu iliyofubaa: nondo fupi ya pande sita, kipande cha vali kubwa, na bushi (pete ambayo shafti huzunguka ndani yake) nene ya pampu yenye tundu la mm 14, nje mm 45, urefu mm 49. Nataka bushi mbili za shafti ya mm 20, nje mm 26, urefu mm 16, kwa mashine ya mkono ya kupukuchua mahindi. Shafti ni chuma laini. Nina mashine ndogo ya kukereza, visu vya HSS (chuma kigumu cha kukatia) na mizani ya jikoni. Kipi ni brasi (shaba na zinki), kipi bronzi (shaba na bati, au na alumini)? Halafu nikitoboa ile nondo, kekee inajichimbia ghafla na kung'oa kazi kwenye jiliwa.

Mkerezaji:
Mkuu, piga tupa hadi upate uso mpya, kisha angalia nje kwenye mwanga wa jua. Brasi ni ya njano, bronzi inavuta kwenye wekundu au kahawia. Ila rangi peke yake isikuamulie, maana bronzi ya alumini nayo ni ya njano na inadanganya wengi.

Mizani ndiyo itakupa jibu. Pima kipande kikavu. Kisha weka chombo cha maji juu ya mizani, irudishe sifuri, ning'iniza kipande kwa uzi kizame chote bila kugusa chini wala pembeni. Gramu utakazosoma ndizo ujazo wake kwa sentimita za ujazo. Gawanya uzito mkavu kwa namba hiyo. Brasi hutoa karibu 8.5, bronzi ya bati 8.8 hadi 8.9, bronzi ya alumini karibu 7.6. Ikija chini ya 7 na mkwaruzo ukaonyesha kijivu ndani, hiyo ni zinki iliyopakwa rangi. Tumia kipande cha gramu 400 na kuendelea. Kikiwa kidogo, kosa la gramu moja linatosha kukuchanganyia brasi na bronzi. Pitisha na sumaku.

Kekee10:
Hilo la kujichimbia ni dalili ya brasi. Makali ya kekee ya kawaida yana mwinamo unaofaa chuma. Kwenye brasi yanajivuta yenyewe kwenda chini, hasa tundu linapokaribia kutokea upande wa pili. Chukua jiwe la kunoa, sugua uso wa mbele wa kila kali hadi utokee ubapa mwembamba, nusu milimita hivi, unaosimama sambamba na urefu wa kekee. Ubapa wa pande zote mbili ulingane, la sivyo tundu litakuwa kubwa kuliko kekee. Hapo itakwangua, haitajivuta. Kekee hizo zitenge, kwenye chuma hazitakata vizuri tena.

Kisu cha kukereza nacho vilevile: uso wa juu uwe bapa kabisa. Brasi chonga kavu, na vaa miwani, chembe zake zinaruka kama sindano.

Tupa_Bapa:
Ahsanteni. Nondo: gramu 510, ujazo 60. Bushi: 622, ujazo 70. Kipande cha vali: 456, ujazo 60, na sumaku inakivuta kidogo sana.

Mkerezaji:
Nondo 8.5, brasi. Bushi 8.9, bronzi. Vali 7.6 na sumaku kidogo: bronzi ya alumini yenye chuma ndani. Hiyo weka pembeni, itakumalizia visu vya HSS bure.

Jaribu bushi kwa kekee. Chembe fupi zinazokatika ni bronzi yenye madini ya risasi, na ndiyo unayoitaka, inavumilia shafti laini na vumbi. Ukipata nyuzi ndefu zinazojikunja huenda ni ya fosforasi. Hiyo inapenda shafti iliyopigwa moto ikawa ngumu.

Bushi mbili za mm 16 na mikato miwili ya mm 3 zinakuachia mm 11 za kushikwa na chaki (kishikio cha mashine ya kukereza). Zinatosha, ila kata taratibu.

Venia:
Naongezea vipimo. Nyumba, yaani tundu inamokaa bushi, ikiwa mm 26.00, nje ya bushi iwe 26.03. Ukishaipiga ndani, tundu litabana kwa karibu kiasi hichohicho, kwa hiyo liache 19.8 kwanza, umalizie ikiwa imeshakaa. Lengo ni 20.02 hadi 20.04. Kama shafti ni 20.00 kamili, rima (kifaa cha kumalizia tundu kwa kipimo) ya kawaida inaweza kukuacha na tundu la kubana. Tafuta ya kurekebishika.

Bronzi inataka kisu chenye makali mapya, na kisisimame kinasugua bila kukata. Kwa nje ya mm 26 anza na mizunguko 350 hadi 400 kwa dakika. Brasi ingeenda hata 900. Ikipata moto usipime wala kupitisha rima: bushi ikipoa tundu linasinyaa. Subiri ipoe.

Kekee10:
Na bushi zikae nje ya njia ya mahindi, hiyo bronzi ina risasi. Nawa mikono kabla ya kula. Usiijaribu brasi kwa gesi ndani ya chumba, moshi mweupe wa zinki unaleta homa.

Tupa_Bapa:
Chembe za bushi ni fupi, za kahawia. Naanza na hiyo.