Mfumo umeletwa, vitabu vimebaki palepale: wauguzi tunamwandika mgonjwa mmoja mara nne

Wakuu, sina salamu ndefu. Nimetoka zamu ya usiku na nimeona nikilala bila kuandika hili litanikaba.

Mimi ni muuguzi katika hospitali ya wilaya. Sitaji jina langu, nina watoto wanasoma. Tuliletewa mfumo wa kompyuta wa kuendesha hospitali nzima: mapokezi, daktari, maabara, dawa, fedha. Siku ya uzinduzi utepe ulikatwa, picha zikapigwa, tukatangaziwa kwamba sasa hatutumii karatasi. Toka siku ile karatasi hazijapungua hata moja. Kilichoongezeka ni kompyuta.

Mchukueni mgonjwa wa nje wa kawaida, homa na kikohozi. Mapokezi anaingizwa kwenye mfumo. Kwa tabibu anaingizwa kwenye mfumo, halafu anaandikwa kwenye kitabu cha MTUHA (rejista za serikali za taarifa za huduma za afya) namba 5, kwa mkono, mstari mzima. Maabara wana rejista yao. Kama ana bima, kuna fomu ya bima. Wodi ya wazazi ndiyo balaa: faili, patografu (chati ya kufuatilia uchungu), kitabu cha MTUHA namba 12, kisha kompyuta iliyoko chumba kingine kwa sababu waya haukufikishwa kule mama anakojifungulia. Muuguzi mmoja, akina mama watatu kwenye uchungu, na bado ataulizwa asubuhi kwa nini hakuingiza taarifa "kwa wakati".

Mwisho wa mwezi ndio nachoka kabisa. Tunakaa na rula na kalamu, tunahesabu mstari kwa mstari: walio chini ya miaka mitano wangapi, malaria wangapi, kuhara wangapi. Tunajaza fomu ya muhtasari, kisha mtu mwingine anaichukua na kuichapa upya kwenye DHIS2, mfumo wa kompyuta wa kukusanyia takwimu za afya za vituo vyote. Takwimu zilezile ziko kwenye seva ya hospitali, korido moja na hapo tulipokaa! DHIS2, ambayo chimbuko lake ni Chuo Kikuu cha Oslo na inatumika nchi nyingi, ina uwezo wa kupokea takwimu moja kwa moja kutoka mifumo mingine. Uwezo upo siku zote. Hapa kwetu hakuna aliyeagizwa kuunganisha, basi tunahesabu kwa vidole.

Na hizo takwimu zenyewe nani alikuja kutuuliza kabla ya kutengeneza ile kurasa ya usajili? Kuna kisanduku cha "kazi ya mgonjwa" ambacho ni lazima kijazwe, bila hivyo hauendi mbele. Mtoto wa miezi 14 ana kazi gani? Watu wamezoea kubonyeza jibu la kwanza kwenye orodha, ambalo ni "mkulima". Kwa hiyo seva yetu imejaa wakulima wachanga. Tulilalamika kwa afisa TEHAMA, naye kijana wa watu hana mamlaka ya kugusa, akasema amewaandikia watengenezaji. Kisanduku kipo hadi leo.

Sasa sikieni cha jana. Usiku kaletwa mtoto, viganja vyeupe kama karatasi, anapumua kwa shida. Anahitaji damu, na haraka. Daktari kaandika ombi la kipimo kwa mkono maana mtandao ulikuwa umekatika. Nikakimbia nalo maabara mimi mwenyewe. Jibu: "Sista, halijaingia kwenye mfumo, siwezi kupokea." Simlaumu yule mteknolojia. Ukutani juu ya kichwa chake pamebandikwa tangazo lenye muhuri linalosema bila mfumo hakuna kipimo, na mwenzake alishaandikiwa barua ya kujieleza kwa kupokea karatasi. Mama wa mtoto alikuwa amesimama nyuma yangu na anasikia kila neno. Mpaka daktari aliposhuka mwenyewe na kuamrisha ndipo kipimo kikafanyika. Mtoto yupo, anaendelea na matibabu. Lakini dakika zile hakuna mtu yeyote atakayezijibia, kwa sababu kwenye mfumo hazipo. Mfumo unaonyesha ombi liliingia baadaye na likashughulikiwa papo hapo.

Kwa hiyo karatasi ni lazima pale mkaguzi anapokuja, na ni marufuku pale mtoto anapokosa damu. Nani alikaa akapanga hivyo?

Mafunzo nayo. Walioitwa ukumbini ni wakuu wa idara, ambao hawaingizi mgonjwa hata mmoja. Waliporudi tukaambiwa "mtaelekezana". Paswedi hazikutosha, wageni waliohamia hawajafunguliwa akaunti, kwa hiyo tunatumia jina la sista aliyehamishwa mkoa mwingine. Dawa za usiku zinatoka kwa jina lake. Siku zikipotea dawa ataitwa nani?

Msidhani natia chumvi. Dada wa dirisha la fedha alikatwa mshahara kwa sababu mfumo ulionyesha makusanyo makubwa kuliko pesa iliyokuwepo. Alisema umeme ulikatika katikati ya muamala na muamala ukaingia mara mbili. Akajibiwa mfumo haukosei. Uingereza walijibu watu hivyohivyo kwa miaka. Shirika lao la posta lilianza mwaka 1999 kutumia mfumo wa hesabu uitwao Horizon, uliotengenezwa na Fujitsu. Ukawa unaonyesha upungufu wa pesa ambao haukuwepo, na waendeshaji wa matawi madogo ya posta wakashitakiwa kwa wizi. Zaidi ya 900 walitiwa hatiani, wengine wakaenda jela, wapo waliojiua. Imechukua hadi 2024 Bunge lao kupitisha sheria ya kufuta hukumu hizo. Nchi yenye mawakili na magazeti yote yale! Sembuse dada wa dirishani ambaye hata nakala ya ripoti ya miamala alinyimwa?

Kuna mtu atakuja kusema wauguzi tunaogopa teknolojia. Hapana. Malipo ya serikali kupitia GePG, mfumo wa kukusanya fedha za serikali kielektroniki, yalianza 2017 na leo mtu wa kijijini anapewa namba ya malipo, analipa kwa simu, hapangi foleni benki. Tumezoea wote, wazee kwa vijana. Ilishika kwa sababu njia ya zamani ilifungwa: stakabadhi ya kuandika kwa mkono haikuachwa iendelee sambamba. Hospitalini kwetu hakuna kiongozi aliyethubutu kusaini kwamba kitabu fulani kimeisha kazi. Kila bosi anaogopa mkaguzi atakayekuja kuuliza kitabu kiko wapi. Woga wao tunaulipa sisi kwa usingizi wetu, na mgonjwa anaulipa kwa kukaa benchi.

Tunasikia kila mwaka majukwaani kwamba mifumo isomane. Sheria ya Serikali Mtandao ni ya 2019. Huku chini mfumo wa hospitali hausomani hata na kitabu kilicho mezani pamoja nao.

Ninachodai ni hiki. Kila kitabu ambacho taarifa zake zimo kwenye mfumo kiondolewe kwa barua yenye tarehe na saini, na nakala ipelekwe kwa wakaguzi wote. Tangazo la maabara libanduliwe leo, dharura ipokelewe kwa karatasi na iingizwe baadaye, na mfumo uonyeshe saa halisi. Kila mfanyakazi awe na akaunti yake siku anayoripoti kazini. Na dada wa dirishani apewe ripoti ya miamala na arudishiwe pesa yake.

Mlioko vituo vingine, hasa walioko kwenye mifumo ya afya wilayani na mkoani: kuna mahali popote kitabu cha MTUHA kimeondolewa kwa maandishi? Barua ilisainiwa na ngazi gani? Wekeni hapa, nataka niichape niipeleke kwa mganga mfawidhi Jumatatu.