Wauza printa Mombasa, hizi za wino nne si za picha nyeusi na nyeupe, semeni ukweli!

Wadau salaam. Naandika nikiwa na hasira na sitaki mtu aniambie nipoe. Nimekwenda duka moja hapa mjini nikamweleza muuzaji kinagaubaga, mimi nataka kuchapa picha za zamani za familia, za nyeusi na nyeupe, nishaziskani zote vizuri. Akanambia chukua hii ya tangi ami, hii ndo printa ya picha, boksi lenyewe laandikwa foto. Pesa ikatoka.

Sasa njooni muone. Nyanya yangu amekaa barazani Mji wa Kale na buibui lake, kwenye simu buibui jeusi tititi na mikunjo yote yaonekana hadi pale alipolikusanya mkononi. Kwenye karatasi ya glosi buibui limekuwa zambarau, mikunjo imekufa yote, na kanzu ya babu pembeni ina wekundu kama iliyofuliwa pamoja na leso yenye kuchuja. Usiku chini ya taa yaonekana afadhali, asubuhi ukiitoa nje ni kijani! Picha hiyo hiyo moja!

Nikarudi dukani, naambiwa labda hedi, pale wino unapotokea, imeziba. Haijaziba, nozo cheki, ile karatasi ya kupima matundu ya wino, yatoka mistari yote imenyooka. Shida ni printa ilivyoundwa. Nyingi ya hizi za wino nne ukichagua glosi ule mweusi haziutumii, ni wino wa maandishi haushiki vizuri kwenye karatasi ile, kwa hivyo weusi wote na kijivu chote chapikwa kwa kuchanganya bluu, pinki na manjano, na rangi moja ikizidi kidogo tu basi kijivu kishaharibika, na jicho laliona hapo hapo kwa sababu hakuna rangi nyengine ya kulificha kosa. Angalieni matangi yangu, bluu na pinki zimeshuka, nyeusi iko pale pale, na sijachapa hata picha moja ya rangi. Nani atanilipa wino huo?

Msinambie setingi. Greskeli, ile ya kuchapa nyeusi na nyeupe, nimeweka. Nimeweka karatasi ya kawaida ili itumie mweusi peke yake, shavu la nyanya pale mwanga unapofifia limejaa vitone vya kuhesabika.

Kinachoniuma zaidi dawa yake ipo zamani. Epson walitoa wino za K3 mwaka 2005, nyeusi tatu ndani ya printa moja, moja nzito na mbili hafifu, ili kijivu kitoke zaidi kwenye nyeusi zenyewe. Sasa muuzaji wa printa hajui hilo? Angenambia tu ndugu yangu kazi yako yataka mashini ya kijivu, ni ghali, huenda ukaiagiza, nenda kafikiri. Ningemshukuru na ningerudi kwake. Badala yake kanipa ya kuchapa fomu za shule, na kurudisha hataki eti boksi lishafunguliwa, sasa ningejuaje bila kulifungua??

Kama kuna studio hapa kisiwani au Nyali inayochapa kwa wino za kijivu semeni hapa hapa, na bei ya A4, na kama wanakubali uwape faili yako wenyewe wasiiguse. Na kama wewe pia umeuziwa hivi weka picha ya karatasi yako, moja ya ndani chini ya taa na moja ya nje juani, watu waone kabla hawajatoa pesa.