Naombeni ushauri: hostingi ya bei nafuu kwa nyumba ya wageni Pangani

MamaUshongo:
Habari zenu wakuu. Mimi na mume wangu tuna nyumba ya wageni ya vyumba 6 huku Ushongo, Pangani. Wageni wetu wengi ni Wajerumani na Waholanzi wanaoshuka pwani wakitoka mbugani, na karibu wote wanatupata kupitia zile tovuti kubwa za kuweka nafasi. Kamisheni yao msimu ukiisha inatuacha tunatazamana. Tumeamua tuwe na tovuti yetu: kurasa nne au tano, picha, bei, maelezo ya kuvuka na pantoni, na fomu ya kuulizia vyumba. Mpwa wangu anaijua WordPress, ile programu ya kujengea tovuti, atatutengenezea.

Kilichobaki ni hostingi, yaani wa kutuhifadhia tovuti mtandaoni. Nina ofa mbili. Ya nje ni dola 2.99 kwa mwezi, domeini (jina la tovuti) bure mwaka wa kwanza, nafasi "isiyo na kikomo". Ya Dar ni shilingi 150,000 kwa mwaka, gigabaiti 5, domeini ya .co.tz humo humo, nalipa kwa M-Pesa. Kwa hesabu zangu ya nje ni rahisi zaidi na ni kubwa zaidi. Kuna kitu sikioni? Mwisho wetu ni laki mbili kwa mwaka.

Kijana_wa_Raskazone:
Chukua ya Dar dada. Ukikwama saa tatu usiku unapiga simu, unaongea Kiswahili, yameisha. Huko nje utaandikiana na roboti mpaka asubuhi.

Fundi_Chumbageni:
Shikamoo dada. Kabla ya kulinganisha gigabaiti, shuka mpaka chini ya ukurasa wa hiyo ofa usome maandishi madogo. Ofa za dola 2.99 kwa kawaida ni za anayelipa miezi 48 kwa mkupuo, yaani dola 143.52 siku ya kwanza. Dola tuichukulie ni shilingi 2,600: hiyo ni kama 373,000, na laki mbili yako imeshapasuka. Ukitaka kulipa mwezi kwa mwezi utaoneshwa bei nyingine kabisa. Muda ukiisha, bei ya kuendelea inaweza kufika mara tatu ya ile ya kukaribishwa, na domeini ya bure nayo inaanza kulipiwa. Mimi nahudumia tovuti za wafanyabiashara wadogo hapa Tanga, na mteja akiniletea ofa namuuliza kwanza mwaka wa pili atalipa ngapi. Waulize hata hao wa Dar, wakujibu kwa maandishi.

"Isiyo na kikomo" isikupe presha. Kikomo kipo, kimehamishiwa tu kwenye idadi ya mafaili, kumbukumbu na nguvu ya prosesa. WordPress tupu inakuja na maelfu ya mafaili kabla hujaweka hata picha moja. Na wewe hutaki nafasi kubwa. Hesabu: wageni 1,000 kwa mwezi, kila mmoja afungue kurasa 3 za megabaiti 2, ni gigabaiti 6 za kupita kwa mwezi. Kifurushi kidogo kabisa kinabeba. Ila mwambie mpwa wako asipandishe picha kama zilivyotoka kwenye simu. Picha ya megabaiti 4 aipunguze upana ufike pikseli 1,600, aihifadhi kwa WebP (aina ya faili jepesi la picha), itashuka mpaka kilobaiti mia mbili na kitu na Mjerumani hataona tofauti. Picha ishirini hapo zimetoka megabaiti 80 hadi kama 4 au 5.

Kwako wewe kitu kikubwa wala si tovuti, ni baruapepe. Mgeni anajaza fomu, unamjibu bei, jibu linaingia kwenye spamu yake, anadhani umempuuza, anarudi kule kwenye kamisheni. Hostingi za bei ya chini zinawaweka wateja wengi kwenye seva moja, yaani kompyuta moja ya kuhifadhia tovuti, yenye anwani moja ya IP (namba yake mtandaoni). Mmoja wao akituma takataka, mnachafuka wote. Na tangu Februari 2024 Google na Yahoo wanadai anayetuma awe na SPF au DKIM, yaani uthibitisho uliowekwa kwenye domeini kwamba ujumbe umetoka kwako kweli. Kwa hiyo kabla hujalipa mwaka mzima, omba majaribio au lipa mwezi mmoja, tuma ujumbe kutoka baruapepe ya hiyo hostingi kwenda Gmail yako, ufungue kwenye kompyuta, bonyeza nukta tatu, angalia ujumbe wa asili. Pale juu unataka uone SPF: PASS na DKIM: PASS. Ukiona FAIL wape siku mbili warekebishe. Wakianza kukueleza kwamba hiyo ni kawaida, hama.

Wakikuletea bei ya cheti cha SSL pembeni (kile kinacholinda mawasiliano ya mgeni na tovuti), kataa. Let's Encrypt wanatoa bure, cha muda mfupi, na seva iliyopangwa vizuri inakihuisha yenyewe.

Mkongo_wa_Bahari:
Mnasahau umbali. Seva ikiwa Dar, sisi wa hapa tunaifungua fasta, haizunguki Ulaya. Na mmesahau Jumapili ile ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya za intaneti za baharini, EASSy na Seacom, zilipokatika pamoja? Vya nje vilikuwa vinavutika kwa kamba.

Fundi_Chumbageni:
Kwa duka la Kariakoo ningekuunga mkono bila ubishi. Lakini wasomaji wa huyu dada wako Hamburg na Utrecht. Siku ile seva ya Dar ingekuwa ngumu kwao kuifikia, na ya Ujerumani ingefunguka kama kawaida, hata kama yeye mwenyewe Ushongo asingeweza kusoma ujumbe wao. Dada, waulize hao wa Dar seva zao ziko wapi hasa. Kampuni nyingi za hapa zinakodi seva Ulaya au Marekani na kuuza kwa shilingi, na kwa hali yako hiyo ni heri: seva iko karibu na wageni, msaada uko karibu na wewe.

MamaUshongo:
Marahaba, asanteni sana. Nimewapigia. Seva iko Ujerumani, mwaka wa pili ni 150,000 ile ile, cheti bure, bakapu kila wiki. Wamesema domeini wataisajili kwa jina lao "kurahisisha". Ni sawa?

Fundi_Chumbageni:
Si sawa hata kidogo. Jina la mmiliki liwe lenu, akaunti iwe yenu. Na baruapepe ya hiyo akaunti iwe Gmail ya kawaida, isiwe ya domeini hiyo hiyo, maana domeini ikilala kwa kutolipiwa, hata ile tahadhari ya kuikumbusha haikufikii. Bakapu yao ni nzuri, ila mpwa aweke na plagini (programu ya nyongeza) ya UpdraftPlus itume nakala nyingine kwenye Google Drive yenu.

MamaUshongo:
Nimewaambia, wamekubali kubadilisha jina kabla sijalipa. La mwisho: nikiona majibu yetu bado yanaingia spamu, lazima nihamishe tovuti nzima?

Fundi_Chumbageni:
Hapana. Rekodi za MX za domeini, zinazoonesha baruapepe ziende wapi, zinaelekezwa kwa mtoa huduma mwingine wa baruapepe, na SPF na DKIM zinabadilishwa zimfuate. Tovuti inabaki pale pale. Mpwa wako akifika hapo aniandikie.