Nimekodi shamba Msongola miaka 15, warithi wanataka kukata viwanja. Nina haki gani?

MkulimaMsongola: Wakuu, naomba ushauri. Tangu 2010 nalima mihogo na bamia eka mbili huku Msongola, pembeni mwa Dar es Salaam. Na mzee mwenye shamba tulipatana kwa mdomo tu, kodi namlipa kila mwaka, siku hizi kwa simu. Mzee katutoka. Wanawe wameleta mpima, wanataka nitoke mwezi huu, na mihogo bado michanga. Babu yangu Bukoba alikuwa mtwarwa, yaani mpangaji, kwenye nyarubanja (ardhi ya bwana mmoja yenye wapangaji ndani), serikali ikampa kibanja, shamba alilokuwa akiishi, kikawa chake. Mimi siwezi kudai hivyo? Watoto wangu watatu wanasoma kwa mapato ya shamba hili.

MhayaWaMbagala: Pole mkuu. La babu yako lilikuwa jambo la siasa. Watwarwa wengi walijikuta wapangaji kwenye ardhi waliyokuwa wakiishi, baada ya mtawala wa jadi kumpa mtu wake eneo zima. Baada ya Uhuru serikali ya TANU haikuuvumilia ubwana huo: sheria ya 1965 ikawapa watwarwa umiliki, ya 1968 ikawafikia wapangaji wa kimila kwingineko. Wewe uliingia kwa mapatano ya kukodi, kwa hiyo huwezi kudai kama babu yako.

Bi Chanika: Zamani kilichouzwa kisheria ni maendelezo: minazi, nyumba. Ardhi tupu haikuhesabiwa kuwa na bei. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 ndiyo iliyokubali kwamba ina thamani, na jiji nalo likatufuata huku. Mihogo itashindana vipi na viwanja? Inaniuma, maana majirani zangu wengi wameondoka hivyo hivyo.

MsaidiziWaSheria: Utaambiwa ukikaa miaka 12 shamba ni lako. Usisikilize. Hiyo haimsaidii aliyeingia kwa ruhusa, na kila kodi uliyotuma inakiri kuwa mwenye shamba ni mzee. Lakini waulize: msimamizi wa mirathi nani? Kama mahakama haijamteua, hakuna mtoto mwenye mamlaka ya kuuza wala kukutoa. Mihogo uliyopanda ni mali yako. Usifute meseji za malipo, na usimpe kodi mtoto yeyote kwa sasa. Baraza la kata tangu 2021 linasuluhisha tu, haliamui. Mkishindwana huko, nenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

MkulimaMsongola: Asanteni sana. Nimewauliza, barua ya usimamizi hawana, ndiyo kwanza wanafungua mirathi. Kesho nakwenda kwa mwenyekiti wa mtaa na meseji zangu. Naomba tuandikishane: nivune kwanza, kisha niwaachie shamba la baba yao.