Naomba ushauri: nimerudia kushona blanketi za viraka vya kitenge

Ndugu zangu, baada ya kulea watoto, nimerudia hapa Bukavu kazi niliyoipenda sana ujanani: kuunganisha viraka vya kitenge, kuweka pamba katikati na kitambaa chini, kisha kuzishona tabaka zote tatu kwa mkono. Vipande navipata kwa mafundi wa soko la Kadutu. Vingine ni vipya, bado vigumu kwa wanga, vingine vimefuliwa miaka mingi, na vikikutana kwenye mshono mmoja, kile kipya husinyaa kikifuliwa na kumkunja mwenzake. Je, inatosha kuviloweka vyote katika maji ya moto kabla ya kukata? Na kwa macho yaliyopungua nguvu, sindano ipi inafaa kwa mishono midogo? Cherehani ninayo, lakini blanketi hizi nazitaka za mkono.