Mama mkwe anatafuta ndugu wa bibi yake Ayalandi (Mayo), naombeni ushauri pa kuanzia

MamaKilema
Wakuu habari za mihangaiko. Mimi mtu wa Marangu ila niko Worcester, Massachusetts, nimeolewa na Mmarekani ambaye upande wa mama yake ni Waayalandi. Mama mkwe ana miaka 80 na kitu, kichwa bado kinachaji vizuri tu, na tangu mzee wake afariki ana wimbo mmoja, anataka kujua bibi yake mzaa mama alitoka wapi hasa na kama kuna ndugu waliobaki kule. Wanawe wanamwitikia ndio mama ndio mama halafu hakuna anayefanya kitu, mimi ndio nashinda naye mchana basi kazi imeniangukia mkwe. Na mnatujua Wachaga na habari za kihamba, mtu asiyejua kihamba (shamba la ukoo) cha babu yake kiko wapi mimi hata sielewi usingizi anaupataje 😅

Tunachojua ni hiki. Bibi aliitwa Bridget, alikuja msichana kabla ya vita ya kwanza ya dunia, akafanya kazi za ndani kwa matajiri wa Boston mpaka alipoolewa. Kwao County Mayo, "karibu na Swinford", basi. Jina la ukoo siliweki hapa ila ni yale ambayo Mayo yamejaa kama utitiri, aina ya Walsh au Gallagher. DNA ya mama mkwe tumepima, wametoka ndugu kibao wa mbali mbali, wa juu kabisa ana sentimogani 190 na kitu (ndio kipimo cha DNA wanayoshiriki), nimemwandikia kimya. Halafu kuna mtu kazini kaniambia nisijisumbue, makaratasi ya Ayalandi yote yaliungua. Ni kweli hilo?

Kisiki_cha_Mpingo
Mzungu kutafutiwa ukoo na Mchaga 😂😂 dunia imefika mbali. Ila hongera dada, wakwe wa aina yako wamebaki wachache.

Nesi_wa_Galway
Dada karibu, mimi niko huku huku na wagonjwa wangu wazee ndio walionifundisha haya mambo, maana mzee wa huku ukimuuliza kwao ni wapi umempa dawa.

Huyo wa kazini amesikia nusu. Kilichoungua ni jengo la kumbukumbu pale Four Courts, Dublin, Juni 1922, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Humo ndani zilikuwemo sensa za 1821 mpaka 1851 (vipande vichache tu vilipona), wosia za watu, na vitabu vingi vya Waanglikana. Sensa za 1861 na 1871 hata hazikungoja moto, serikali yenyewe ilikuwa imeshaziharibu, na za 1881 na 1891 zilisagwa wakati wa vita ya kwanza sababu karatasi zilikuwa adimu. Hilo ndilo pengo linaloumiza watu. Lakini vitabu vya vizazi na vifo havikuwemo mle, na vya Wakatoliki vilikuwa maparokiani kwao.

Kwa hiyo wewe una bahati, Bridget wenu si wa zamani sana. Ayalandi inasajili vizazi vya watu wote tangu 1864, na picha za kurasa zenyewe unazisoma bure irishgenealogy.ie, vizazi vilivyopita miaka 100, ndoa miaka 75, vifo 50. Sensa za 1901 na 1911 nazo bure kwenye tovuti ya Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa. Kama mwaka 1901 alikuwa bado mtoto nyumbani basi yumo humo, na baba na mama na nduguze, nyumba nzima.

Ila usikimbilie huko kwanza!! Ukiandika Bridget na ukoo wa hivyo Swinford utapata akina Bridget wa kujaza basi. Jua kwanza baba yake nani na mama yake alikuwa ukoo gani kabla ya kuolewa, na hayo yako huko huko kwenu Massachusetts. Rekodi ya ndoa yake ya huko inataja wazazi wa pande zote mbili. Nenda pia parokia aliyofungia ndoa, paroko mwingine alikuwa anaandika mpaka parokia ya kule alikotoka mtu. Na kaburini angalia jiwe, siku zile walipenda kuandika mzaliwa wa County fulani.

Jambo jingine, msimtafute Bridget peke yake. Wengi wakifika Boston walijiita Delia, nyumbani walikuwa Biddy au Bridie. Mtu mmoja majina manne.

MamaKilema
Weee! Mama mkwe kaguna. Anasema kuna picha nyuma yake imeandikwa Delia, miaka yote hiyo wanadhani ni rafiki yake bibi.

chuma_ulete
Nyie mnapiga stori na hapo kuna pasipoti ya Ulaya imelala tu. Bibi kazaliwa Ayalandi, mume wako achangamke, na wewe unafuata nyuma.

Nesi_wa_Galway
Chuma taratibu 😄 Mama mkwe ndiye mwenye haki, maana ni bibi yake, anajiandikisha kwenye rejista ya waliozaliwa nje na anakuwa raia. Mume ni kitukuu, yeye angepata kama mama yake angekuwa ameshajiandikisha KABLA mume hajazaliwa, na kwa maelezo ya dada hilo halikufanyika. Hiyo njia kwa mume imefungwa, tuendelee na ndugu.

Mnyamwezi_Minneapolis
Habari ya DNA niachieni mimi. Sentimogani 190 si kidogo, huyo anaweza kuwa binamu wa daraja la pili, yaani yeye na mama mkwe wako babu zao au bibi zao walikuwa ndugu wa tumbo moja. Wa daraja hilo kwa wastani wanagongana kwenye 229 hivi, daraja la tatu wanashuka mpaka 70 na kitu, na huko wengine ni ndugu kabisa wa damu lakini kipimo kinasoma sifuri. Kwa hiyo asiyetokea kwenye orodha usimkatae.

Tatizo lako ni kwamba mama mkwe ana pande nne na hujui huyu ni wa upande upi. Usihangaike naye, fungua orodha ya ndugu wanaoshirikiana wote watatu, yaani mama mkwe, yeye, na mwingine. Ukiona kundi lote wametaja Mayo kwenye miti yao ya ukoo, huo ndio upande wa Bridget. Na angalizo, magharibi kule watu walioana parokia moja vizazi na vizazi, mtu anaweza kuwa ndugu yako kwa njia mbili na hesabu ikapanda, ukadhani yuko karibu kumbe ni wa mbali.

Na usimwandikie insha. Mistari mitatu, bibi fulani, sehemu fulani, unamfahamu? Watu wengi walipima kwa ajili ya kuona asilimia tu hata hawafungui inboksi.

Muthoni_wa_Lowell
Sasa mimi jirani yako hapa Lowell, bwanangu naye ni wa hawa hawa, na kitu kimoja kilinisaidia sana ni majina. Desturi yao ya zamani, kijana wa kwanza anaitwa babu wa upande wa baba, wa pili babu wa upande wa mama. Si hiyo ni yetu Wakikuyu kabisa? Kwa wasichana ndio wanageuza, wao wa kwanza anaitwa mama yake mama, sisi wa kwanza ni mama yake baba. Kwa hivyo ukipata orodha ya watoto kwa mpangilio wa kuzaliwa unaweza kubahatisha majina ya mababu hata kabla hujaona karatasi. Si sheria, kuna waliovunja, lakini mimi nilipata ndoa ya babu wa bwanangu hivyo tu, nilijua natafuta mtu anaitwa Patrick.

Mzee_wa_Kahama
Mimi swali langu ni moja. Mkishawapata mtawaambia nini? Miaka mia na zaidi, watu hawawajui, mnabisha hodi kutoka Marekani. Hapa kwetu mtu akitokea ghafla anasema yeye ni wa ukoo, swali la kwanza ni shamba.

MamaKilema
Mzee shikamoo. Hilo swali limenikaa, nitalirudia.

Wakuu nimerudi na mrejesho, samahani kimya kilikuwa kirefu. Rekodi ya ndoa tumeipata, Delia kabisa imeandikwa, na baba na mama na ukoo wa mama yake. Hapo ndipo mlango ulipofunguka, maana akina Bridget wote wakapukutika akabaki mmoja ambaye mama yake ni yule yule. Cheti cha kuzaliwa kina jina la kitongoji. Nikaenda sensa ya 1901 nikawakuta!! Baba, mama, watoto, na Bridget wetu anasoma shule. Lugha wameandika Kiayalandi na Kiingereza. Kuna fomu nyingine inaeleza nyumba, paa la nyasi, vyumba, madirisha ya mbele. Mama mkwe aliposikia paa la nyasi alinyamaza kidogo akasema mama yangu hakuwahi kusema kama walikuwa maskini hivyo.

1911 Bridget hayupo, sawa, ila kuna kitu kinanitatiza. Mama yake katika miaka 10 amezeeka kama miaka 16. Ni mtu mwingine au?

Nesi_wa_Galway
Ni yeye yeye! Pensheni ya wazee ilianza kulipwa 1909 kwa waliofika 70, na waliozaliwa kabla ya 1864 hawakuwa na cheti cha serikali, kwa hiyo kati ya sensa mbili nchi nzima ikazeeka ghafla 😂 Wengine walikuwa kweli hawajui umri wao, wengine wanajua vizuri sana. Umri wa 1901 na 1911 usiutumie kumkataa mtu.

Sasa umepata kitongoji, na huku kitongoji ndio kila kitu, viko zaidi ya 60,000 nchi nzima, vingine nyumba tatu nne. Kurudi nyuma kuna uthamini wa ardhi wa Griffith, wa 1847 mpaka 1864, unaonyesha nani alishika ardhi ipi na ramani zipo, babu yake Bridget anaweza kuwemo. Na rejista za Kikatoliki ziko Maktaba ya Taifa mtandaoni bure mpaka kama 1880, ila jiandae na Kilatini, James anaitwa Jacobus, William anaitwa Gulielmus, na mwandiko wa mapadre wengine ni adhabu.

Lakini wewe unataka walio hai, hivyo usirudi nyuma, njoo mbele. Baada ya Griffith ofisi ya uthamini iliendelea kusahihisha vile vitabu, kila mwenye ardhi akibadilika karani anakata jina anaandika jipya na mwaka, kwa wino wa rangi nyingine. Unafuata kipande kile kile cha ardhi kutoka kwa baba yake Bridget mpaka kwa aliyerithi, mpaka karne ya 20 imekwenda sana. Vitabu viko Dublin, siku hizi ofisi inaitwa Tailte Éireann. Ukishapata aliyerithi nenda RIP.ie, huku karibu kila msiba unatangazwa pale na mara nyingi kitongoji kinatajwa, na majina ya wafiwa mpaka wakwe na wajukuu. Sisi wahamiaji tunashangaa, asubuhi wanafungua hiyo kabla ya habari.

padri_mtarajiwa
Naongezea, msisahau paroko wa kule. Mimi nimesomeshwa na Wamisionari wa Kiltegan Kitui, hao ni Waayalandi, na nilichojifunza kwao ni kwamba parokia ya kijijini inajua nani ni nani mpaka vizazi vitatu. Andikeni barua fupi, wekeni na kitu kidogo kwa ajili ya misa. Pia kuna Ireland Reaching Out, wana watu wa kujitolea parokia kwa parokia wanaopokea maswali kama haya, hawatozi.

MamaKilema
Asanteni mno. Vitabu vya Dublin vimejibu, ardhi alirithi kaka yake Bridget, baadaye mwanawe. RIP.ie nikamkuta huyo mwanawe, amefariki zamani kidogo, ameacha binti ambaye bado yuko maeneo yale yale. Anwani paroko amesema hawezi kunipa ila barua ataifikisha. Sasa ndio narudi kwa Mzee wa Kahama. Nimwandikie nini asidhani tunataka kihamba?

Nesi_wa_Galway
Mzee yuko sahihi kabisa, hata huku barua ya Marekani inaamsha maswali, hasa kama shamba lilirithiwa bila karatasi kunyooka. Mama mkwe aandike mwenyewe kwa mkono wake. Aanze na Bridget, alivyoishi, aliolewa na nani, watoto, alizikwa wapi, maana kwao yule ni msichana aliyeondoka na pengine hakuna anayejua mwisho wake. Awape habari kwanza kabla ya kuomba habari. Nakala ya ile picha ya Delia muweke ndani. Neno ardhi lisionekane, uraia lisionekane, na habari ya kuja kutembea msiitaje mpaka wenyewe waiseme.

Mzee_wa_Kahama
Na mseme wazi mama ana umri gani. Mtu mzima wa miaka 80 hatafuti shamba.

MamaKilema
Asante kwa ushauri mzee wangu 😂 Barua imeshaandikwa, kurasa mbili, kanikataza nisiisome. Inaondoka kesho kwenda kwa paroko. Na yule wa 190 naye kajibu, mstari mmoja tu, "bibi yangu alikuwa na dada aliyekwenda Boston".

Mnyamwezi_Minneapolis
Huyo mshike!! Muulize kitongoji, usimtajie wewe kwanza, mwache aseme mwenyewe.

Binti_Pangani
Samahani naingilia uzi, shemeji yangu yuko Toronto babu yake alitoka Belfast, Mprotestanti. Njia ni hii hii?

Nesi_wa_Galway
Sensa za 1901 na 1911 ndio hizo hizo maana kisiwa kilikuwa kimoja. Vizazi vya kaskazini unalipia kwenye ofisi yao ya usajili, na nyaraka nyingine ziko PRONI, hifadhi ya nyaraka ya kaskazini hapo Belfast, wana vingi vya makanisa ya Wapresbiteri. Uliza kwanza alikuwa Mpresbiteri au Mwanglikana, halafu fungua uzi wako tuje.